Kihamba kwa Boneti ya Kaboni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Uru? Ng'ombe ameshazaa? Mimi huku Uingereza mwili ni mzima, ila roho haijatulia tangu uliponipigia simu Jumapili. Nilikata simu, mama, nikasingizia mtandao. Ndiyo maana naandika.

Prosper auze kihamba cha chini, shamba la ukoo! Tena mnunuzi ametoka Himo na ameshakizunguka kwa miguu! Mdogo wangu ana akili timamu kweli? Babu amelala pale! Eti ajenge karakana ya boneti za kaboni kwa magari ya watalii, kwa sababu amesikia boneti moja tunayotengeneza hapa inauzwa karibu bei ya gari zima.

Bei hiyo ni ya kweli. Hata mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilishika kichwa. Lakini bei si faida. Kaboni yenyewe ni kitambaa cheusi chenye gundi, tunakitunza kwenye friji kama nyama, na muda wake ukipita kinatupwa. Tunakilaza kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, ndani ya kalibu, yaani chombo chenye umbo la boneti, kisha tunakioka kwenye tanuri ambalo peke yake lingemeza kihamba na nyumba. Na kalibu gharama yake ni ileile, utoe boneti moja au elfu. Sisi tunatoa chache tu.

Wewe utamwelewesha. Nani anapika mbege ya mtu mmoja? Ndizi umemenya, umechemsha, ulezi umeuotesha, kuni zimeungua zilezile, halafu anakuja mnywaji mmoja anataka kata moja. Itabidi umuuzie kwa bei ya pipa zima.

Juzi ndipo nilipochoka kabisa. Mteja wa magari ya mashindano alijitoa ghafla. Bosi akachukua msumeno akaikata kalibu ya mteja huyo vipande vipande mbele yetu, mpya kabisa, maana haifai kwa gari jingine.

"Sasa hasara hii nani atailipa?" nikamuuliza.

"Atakayenunua boneti nyingine," akanijibu. "Akipatikana."

Mama, nikawa kama namwona Prosper ameshika msumeno huo, hana pa kurudi.

Simlaumu kutaka kazi. Kulima kahawa kunachosha. Afungue gereji ya kunyoosha boneti za bati, nitamtumia vifaa. Bati likibonyea linagongwa linarudi, na magari yanagongana kila siku.

Nisalimie baba mdogo hapo jirani. Shangazi wa Pasua mwambie kaboni hii si mkaa, aache kuniuliza kama naoga vizuri.

Prosper usimsalimie kwanza. Kata jani la isale pale mpakani, lifunge fundo, umpelekee kwa jina langu. Mwambie kaka yake mkubwa amepiga magoti anamwomba asiuze. Mchagga hakatai ombi lililoletwa na isale, hilo analijua. Akilipokea, ndipo umpe salamu zangu.

Mwanao asiyepata usingizi,
Evarist