Buti za Kukua Nazo

Abu Hamour,
Doha, Qatar.
16 Januari 2026

Mpendwa mdogo wangu Nyanchama,

Habari za huko Ottawa, na habari za hiyo baridi yenu? Mgongo wa Eugene umepoa, au mumeo bado anabeba masanduku kazini na kusema hauumi? Mimi niko sawa. Kifua kilinibana kwa sababu ya vumbi la huku, sasa nimepata nafuu. Mama nilimpigia Jumatano. Ameanza tena kumfokea jirani kuhusu kuku, kwa hivyo najua amepona.

Najua bado una hasira na mimi tangu uliponikatia simu Jumapili. Ndiyo maana naandika. Kwenye simu sisi wawili hatuwezani, kila mmoja anataka kumaliza kwanza. Kwa barua itabidi unisikilize hadi mwisho, na ukitaka kunijibu vibaya utatafuta kalamu.

Barua hii iko ndani ya begi analokuletea rafiki yako Ann anaporudi huko kutoka kumtembelea kaka yake Mwangi hapa Doha. Skii za Cheryl wako, zile mbao za kuteleza kwenye theluji, nimezipata. Mudiri, yaani meneja wetu, alinipunguzia bei kama mfanyakazi wa duka, kwa hivyo usianze kuuliza. Tangu Novemba tumejaa wateja wanaosafiri kwenda kuteleza milimani Ulaya, na mbao hizi nimezishika hadi nimezizoea, ingawa theluji yenyewe sijawahi kuikanyaga.

Binti yako alitaka ule ubao mmoja mpana wa kusimamia miguu yote miwili, wenye picha ya bundi. Ni mzuri, hata mimi ningeutundika ukutani. Lakini ni mlaini, umetengenezewa theluji nene, na wewe mwenyewe uliniambia kilima wanachopelekwa na shule kimeganda kuwa barafu tupu. Kwenye barafu kinachokushikilia ni makali ya chuma yaliyo pembeni mwa ubao. Nimemchagulia skii mbili nyembamba katikati, ngumu kiasi, zikisimamishwa zinamfika kidevuni. Jeremiah, fundi wetu kutoka Uganda, amezinoa mwenyewe. Usizipapase kwa kidole.

Sasa nije kwa buti, maana ndipo tulipogombana.

Ulimpa Ann karatasi yenye mchoro wa mguu wa Cheryl, kama Mama alivyokuwa akimtumia Baba kule Nakuru ili atununulie viatu vya shule. Nilipoifungua nilijua hapo hapo. Nyanchama, ule si mguu wa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Umelaza kalamu ukazunguka kwa mbali, hata mpindo wa kidole gumba hauonekani. Mkono wako naujua kwa sababu ni mkono wa Mama. Nilimpigia Cheryl, nikamwambia asimame kisigino kikiwa ukutani, ajipime kwa rula. Umemwongezea upana wa vidole viwili.

Nilipokuuliza ulisema atakua nazo, na kwamba mimi sina mtoto, nitajuaje watoto wanavyokua. Ni kweli sijazaa. Maneno hayo yalinichoma na bado yananichoma, sitakuficha. Nilikaa kitandani na simu mkononi hadi Riziki, tunayekaa naye chumba kimoja, akaniuliza ni nani amefariki nyumbani.

Lakini hayo ningeyameza. Kuna jambo zito zaidi, nililoahidi kutokwambia, na ahadi hiyo naivunja leo.

Lile jeraha la pajani mwa Cheryl halikutokana na ngazi za shule kama alivyokwambia. Alikuwa kilimani, amevaa zile buti kubwa mlizoazima kwa jirani, ndani soksi jozi mbili. Alipotaka kukata kona kwenye barafu, mguu uligeuka peke yake ndani ya buti, na skii zikaendelea kunyooka hadi kwenye uzio. Nguzo ilimpata pajani. Kila nikifikiria kwamba ingeweza kumpata kichwani, nasahau bei hata nikiwa na mteja mbele yangu. Alinipigia akilia ukiwa kazini, akasema, "Anti, plizi, usimwambie Mum, atanikataza kwenda." Nikakubali. Nilikubali kwa sababu nilifurahi kwamba amenichagua mimi, na tangu siku hiyo sina amani.

Usimpige, na usimnyime kilima chake. Anakipenda kuliko unavyodhani. Hasira zote nimwagie mimi, nimezoea.

Sikuoni mjinga wala mchoyo, mdogo wangu. Ndivyo tulivyolelewa. Viatu vyetu vilinunuliwa vikubwa, vikajazwa gazeti mbele, na kila mwaka Mama alipunguza gazeti kidogo. Unavikumbuka vile vyeusi vyako vya darasa la nne? Siku vilipokutosha sawasawa, soli ilikuwa imeshatoboka. Najaribu kukumbuka kama niliwahi kukuona na kiatu kizima kilichokutosha, na sikumbuki. Sisi tulikuwa tukianguka kwenye vumbi, tunajipangusa, tunawahi kengele. Cheryl anaangukia barafu.

Kwa hivyo buti zilizo ndani ya begi ni za mguu wake wa leo. Zitambana mwanzoni, ndivyo zinavyotakiwa, kisigino kisinyanyuke hata kidogo. Mguu ukishikwa hivyo, akiugeuza, na skii zinageuka. Najua mwakani hazitamwingia. Mwakani niachie mimi. Ukiamua kuzirudisha kwa hasira, zirudishe, lakini zile za jirani asizivae tena. Hilo nakuomba nikiwa nimepiga magoti, na unajua mimi si mtu wa kupiga magoti.

Msalimie sana Eugene, mwambie aache ubishi na ule mgongo. Msalimie Cheryl. Mwambie Anti wake alishindwa kunyamaza, na kama hatanipigia tena nitaelewa, ingawa nitaumia. Ukizungumza na Mama, usimweleze habari ya uzio, tutamuua kwa wasiwasi. Mungu awashike mkono nyote popote panapoteleza huko mliko.

Jambo la mwisho. Buti mpya huja dukani zikiwa zimejazwa karatasi mbele. Nimezitoa zote kabla ya kufunga begi. Tafadhali, Nyanchama, usirudishe ndani hata karatasi moja.

Dada yako akupendaye, hata ukikata simu,
Damaris