Nyumba ya Kamba na Vigingi

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Lameki amerudi Ijumbi kutoka Bukoba na ramani ya nyumba. Ramani! Karatasi iliyochorwa na rafiki yake Philbert, karani wa mjini, ambaye eti anazijua nyumba za wazungu. Anazijua kwa kutazama kutoka barazani — ndipo wanapomsimamisha na barua zake.

Matofali, mabati, vioo. Mushonge wetu, nyumba hii ya nyasi ya duara, utabomolewa. Unatia aibu, anasema mume wangu, aliyezaliwa humo humo.

Jumanne, 3 Agosti

Nimeitazama alipokwenda kuoga. Sebule imekula nusu ya nyumba. Chumba cha kulia — sisi tunaokula mkekani! Chumba cha wageni. Gramafoni nayo ina kona yake. Jiko liko nje kabisa, karibu na choo.

Ukitoka kulala ukitaka kwenda jikoni, upite sebuleni katikati ya wageni, utoke mlango wa mbele, uzunguke nyumba nzima. Hakuna mlango wa nyuma. Nilimwambia. Akaigeuza karatasi juu chini. Akaigeuza tena. Kisha akasema wanawake hawasomi ramani. Mimi niliyekuwa mwalimu wa darasa la pili kabla hajanioa!

Alhamisi, 5 Agosti

Philbert amekuja amevaa soksi ndefu. Nikamuuliza habari ya jiko. Akacheka.

"Shemeji, wazungu hawahangaiki na masufuria. Anayezunguka ni boi."

"Na boi wetu ni nani?"

Wote wawili wakainamia chai. Chai niliyowaletea mimi.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimeuliza mama mkwe, Mae wetu, atalala wapi. Jibu: stoo, pamoja na magunia ya kahawa. Haina dirisha. Lameki anasema Mae haoni vizuri siku hizi, dirisha la nini? Mwanamume mzima!

Nikaenda kumweleza Mae mwenyewe. "Nyumba ni ya mwanangu," akasema, akaendelea kumenya ndizi. Basi! Huyu Kokwijuka, mjane aliyekishika kibanja hiki cha migomba peke yake mpaka Lameki akakua, leo anatiwa stoo na kushukuru. Nimemdharau kuliko wale wawili.

Jumamosi, 7 Agosti

Vigingi na kamba. Vyumba vyote vimepimwa uwanjani. Lameki anatembea humo kama Bwana DC, mikono nyuma. Majirani wamejaa kutazama.

Nikamshika Mae mkono, nikamwingiza. Hapa wageni. Hapa gramafoni. Hapa wewe, Mae.

Akasimama. Kisha akalala chini, pale pale, chali, na nguo yake safi. Ni mrefu huyu mama. Miguu ikavuka kamba, ikatokeza sebuleni.

Majirani wakasogea kutazama. Hata Philbert.

"Mae, hivi ni vipimo tu," Lameki akasema. "Utajikunja kidogo."

Utajikunja! Mamake!

Akainuka, akajikung'uta. Akatoka peke yake, akiipapasa kamba kutafuta njia. Mimi ndiye niliyemwingiza mle, mbele ya watu. Tangu hapo sina raha. Kumdharau kulikuwa rahisi zaidi.

Jumapili, 8 Agosti

Mae hakuja kanisani. Tumerudi na mwinjilisti, aje aombee kiwanja — na tazama! Mae yumo ndani ya kamba, katikati ya sebule. Mafiga matatu, moto, chungu cha ndizi na maharage. Moshi unamfuata Philbert kila anaposogea.

Lameki akamtuma Philbert amwondoe Mae. Akainua mguu avuke kamba.

"Unapita ukutani?" Mae akamuuliza. "Mlango uko kule, baba. Wewe si ndiye uliyeuchora?"

Na mpumbavu yule akarudi! Akazunguka mpaka kwenye vigingi viwili vya mlango, akasimama hapo, hajui aingie au asiingie.

Mwinjilisti kavua kofia. Anasema chakula kinanukia vizuri. Mafundi walioitwa kuchimba msingi baada ya maombi wameegemea majembe, wanangoja. Lameki amekuja mara mbili hapa mlangoni pa mushonge ninapoandikia: zungumza naye, wewe mwanamke mwenzake. Nikamwambia sisomi ramani.

Sasa yuko kule, karatasi mkononi. "Mae, sogea kidogo tu. Kidogo tu." Mae anakoroga chungu. Ameniita kwa sauti nimletee chumvi.

Naenda. Na mkeka wangu nauchukua.