Chumvi chini ya kitanda

Alunguli, Alhamisi, baada ya mvua

Na ile chumvi ya magunia yangu inatoka maji tena. Mke wangu Zaina amepanguza chini ya kitanda, akarudi jikoni.

Treni imeingia juzi, mabehewa yamejaa chumvi, bei sokoni imeanguka. Mimi nilinunua magunia yangu kwa bei ya juu, sababu papa Ramazani, mzee wa duka la pembeni, alisema reli imekatika, na watu wote wakakimbilia chumvi. Bei ilipoanza kushuka nilikataa kuuza. Nilisema itapanda. Kila asubuhi nilisema itapanda.

Leo Ramazani huyohuyo, aliyeniuzia, amekuja na habari ingine: mafuta ya mawese yatakosekana, na yeye anayo.

Zaina akamuuliza toka jikoni: “Kama mafuta itapanda bei, papa, sababu gani wewe unauza?”

Akacheka, akaomba chai.

Swali dogo vile. Mimi sikuwahi kuliuliza.

Lakini ninajiogopa. Wakati anaaga, nilikuwa tayari ninapima kwa macho bidoni ngapi za mafuta zinaweza kuingia chini ya kitanda.