Wiki Waliyoitoa Sauti ya Mke Wangu

Jumatatu, 11 Machi
Daktari hakuzungukazunguka. Namshukuru. Uvimbe uko kwenye zoloto, pale sauti inapotoka. Keshokutwa wataliondoa lote. Mke wangu huenda akapona, lakini hatasema tena. Wala kuimba. Ndiye anayeongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa tangu kabla sijamwoa.

Aliuliza swali moja tu: "Na mluzi je?" Daktari akacheka, kisha akaona haya. Hata mluzi hataweza.

Jumanne, 12 Machi
Kwaya nzima sebuleni kwetu. Viti havikutosha, besi wakakaa sakafuni. Mke wangu aliimba mpaka sauti ikakwaruza. Shemeji akamwambia, dada, jihurumie. Akajibu aiweke akiba kwa ajili ya nani? Wakaangua kicheko. Mimi nikaenda jikoni kuosha vikombe visafi.

Kitandani nikamuuliza hiyo furaha anaitoa wapi.
"Kwa Yesu."
Nikamwambia gazetini kwetu habari ya chanzo kimoja hatuchapishi.
"Basi, baba, usichapishe." Akalala. Akalala kweli!

Alhamisi, 14 Machi
Jana walimpasua. Leo kaamka, mrija shingoni. Amelia. Nimeripoti mafuriko, migodi iliyoporomoka, makaburi ya pamoja — sijawahi kuona mdomo ukifunguka hivyo na kisitoke kitu.

Nilishika kitanda nikaomba. Au nilimgombeza Mungu, sina hakika.

Ijumaa, 15 Machi
Kageukia ukutani tangu asubuhi. Mchungaji alisoma zaburi, hakugeuka.

Nikajisemea: ile furaha imeisha, imekwenda na zoloto. Nikaumia kuliko nilivyotarajia. Kumbe miaka yote hii nilikuwa naiegemea imani yake, mimi niliyejifanya natazama tu.

Jumapili, 17 Machi
Baada ya ibada kwaya ikaja wodini. Hawakuwa na wa kuwaanzishia. Wakapaa juu mno, wakakwama, kisha mtu akacheka. Mke wangu kageuka. Kaketi! Akapiga godoro kofi — ngojeni. Akashusha kiganja: chini, chini zaidi, hapo. Wakaanza upya. Anaongoza kwa mikono, mdomo unafuata kila neno, machozi yanatiririka, na uso — huo uso naujua. Haukwenda popote.

Bibi wa kitanda cha jirani akafoka: "Na mimi ni mgonjwa, geukeni na huku!"

Hapo ndipo daktari wa zamu akaniita nje. Majibu ya picha ya kifua: ugonjwa uko mapafuni pia. Akasema imebaki miezi tu. Sikuuliza mingapi, na kuuliza ndiyo kazi yangu. Anataka kujua tumwambie leo au kesho, na nani amwambie.

Niko kwenye benchi la korido. Namwona kupitia kioo cha mlango. Naye kaniona. Ananiita kwa mkono — besi ni wachache, ananionyesha pa kusimama. Anacheka. Daktari amesimama hapa kando yangu, anangoja jibu. Ndani wameanza ubeti wa pili, na mkono wake bado uko juu, kwa ajili yangu —