Karatasi za Kufungia Sukari

Kiponda, Mjini
4 Machi 1952

Ndugu yangu Ruqaya,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, na Mama hajambo ila miguu inamsumbua akipanda ngazi. Nataraji nawe u mzima.

Nina habari ya furaha. Bwana Zahor, jirani yako hapo Mfenesini, ananiuzia shamba lake. Mikarafuu mia sita inayozaa, na bei yake ukiisikia utacheka. Nnaiuza nyumba hii nimlipe. Anayeinunua ametuachia miezi minne, halafu tutahamia huko tuwe majirani. Mama sijamwambia bado.

Na yale magunia yako ya karafuu yaliyolala ghalani toka mwaka juzi, yauze basi, tuweke pamoja. Dalali Mmanga ananiuliza kila siku, "Yule nduguyo anangoja zitage?"

Kaka yako,
Hashil


Mfenesini
8 Machi 1952

Kaka Hashil,

Shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi. Namletea Mama kichupa cha mafuta ya karafuu, akandwe miguu.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikatafuta pa kukaa. Kuuza nyumba anamokaa Mama! Nakuomba usinunue.

Unanijua, nasoma kila kinachopita mkononi mwangu: vitabu vya marehemu mume wangu, vya dawa na vya safari, hata magazeti ambayo mwenye duka hufungia sukari. Kimoja peke yake hakinambii kitu kikubwa. Lakini kitabu cha safari kilinieleza jinsi kahawa ya Silani, kule kusini mwa Bara Hindi, ilivyokufa kwa ugonjwa kisiwa kizima, na wenyewe wakawa wa mwisho kukubali, kwa kuwa miti ilikuwa ingali imesimama. Nikaenda kuitazama mikarafuu ya Zahor. Upande wa mtoni majani ya juu yamegeuka manjano, na jua si kali. Karatasi ya Idara ya Kilimo inasema mti wa namna hiyo hufa kwa siku chache, kisha hufuata wa pembeni yake. Sasa jiulize, nani anauza mikarafuu miezi minne kabla ya kuchuma?

Magunia siuzi bado. Gazeti moja liliandika kwamba watu wa Java hutia karafuu ndani ya sigara. Jengine, la mwaka mwengine, kwamba viwanda vyao vya sigara vinaongezeka. Walioandika hawajuani. Mimi ndiye niliyewakutanisha.

Nduguyo,
Ruqaya


Kiponda
15 Machi 1952

Ruqaya,

Salamu. Mama hajambo.

Nshanunua. Nyumba imekwenda. Zahor nimesali naye Ijumaa safu moja miaka kumi, leo unamtuhumu kwa sababu ya karatasi za kufungia sukari! Barua yako nilimsomea Mmanga, akacheka mpaka akapaliwa na kahawa. Usiniandikie tena mambo ya Silani.

Kaka yako,
Hashil


Kiponda
11 Agosti 1952

Ruqaya ndugu yangu,

Assalaam aleikum. Sijui nikuulize vipi hali baada ya miezi mitano ya kukununia. Ijumaa nilifika Mfenesini, na nyumba yako niliipita kwa nyuma, kwa haya.

Nimeona. Mwezi wa Juni niliyaona yale manjano nikasema ni kiu tu. Ijumaa nimekuta miti imesimama mikavu, mstari kwa mstari. Nikashika tawi, likabaki mkononi. Nilihesabu iliyokufa mpaka mia nne na kitu, nikaacha. Mlinzi wa shamba alikuwa akisema nami, sikumsikia. Nilifika mjini nina kiatu kimoja mguuni. Cha pili sijui kilibaki wapi.

Na ile miezi minne ilikuwa imeshapita, kila mlango ukigongwa nadhani ni wa kututoa. Jana nikaenda kwa Mmanga kuomba muda.

"Muda wa nini?" akaniuliza. "Yule wa kwanza alishaiuza nyumba mwezi wa Juni. Mwenyewe wa sasa hataki mtoke."

"Nani huyo?"

"Niliapishwa nisiseme," akasema. "Ruqaya binti Suleiman."

Safari hii Mmanga hakucheka. Ni wewe kweli? Kwa fedha gani?

Kaka yako,
Hashil


Mfenesini
16 Agosti 1952

Kaka Hashil,

Shikamoo, na pole sana. Kiatu chako kimeokotwa, ninacho.

Ndiyo, ni mimi. Mwezi wa Mei meli za Java zilikuwa zikipakia na bei ikapanda. Nilidhani itapanda, lakini si vile. Karani wa mnunuzi aliponitajia bei, nilimwomba aiandike niisome mwenyewe. Nikauza yote. Niliposikia nyumba inauzwa tena, nikamtuma Mmanga na nikamwapisha asiseme.

Si uganga, Kaka. Ningeweza kukosea. Vitabu havikunambia bei, vilinizoesha kuuliza. Ikate ile mikavu uichome, upande mihogo kwanza.

Kaeni nyumbani kwa amani. Kinanikereketa kitu kimoja tu. Kuna kitabu cha Kiingereza cha magonjwa ya miti, natazama picha tu. Baba angeniacha skuli japo miaka miwili zaidi, pengine ningekushika kwa hoja usingeweza kuicheka. Mungu amrehemu, lakini lile sijamsamehe.

Nduguyo,
Ruqaya


Kiponda
30 Agosti 1952

Ruqaya,

Assalaam aleikum. Mama nimemweleza yote. Kauliza, "Huyu huyu Ruqaya wetu?"

Wiki mbili nimeiandika barua hii na kuichana. Si Baba aliyekutoa skuli. Baba alitaka uendelee. Mwaka ule wa 1931 nilikuwa nimeanza kazi, akanitaka shauri. Nikamwambia, "Mtoto wa kike akijua kuandika atawaandikia wanaume. Watu wanatucheka." Akakoroga chai mpaka ikapoa. Halafu akasema, "Nikifa utabaki naye wewe. Nitamwambia ni mimi, asije akakuchukia."

Akalibeba mpaka kaburini. Nami nikamwacha alibebe.

Hashil


Mfenesini
2 Disemba 1952

Kaka Hashil,

Shikamoo. Mimi mzima. Nataraji miguu ya Mama imepata nafuu.

Ilipofika barua yako niliisoma nikaiweka chini. Mvua ilikuwa inakuja, nikatoka kwenda kuanua karafuu. Niliporudi nikaisoma tena, ikawa inasema vile vile.

Miaka ishirini na moja nimemwekea Baba kinyongo, na tangu afe nimemwombea dua kwa ulimi tu. Nilikuwa najua habari za Silani na za Java, na ya ndani ya nyumba yetu sikuijua. Miezi mitatu sikuweza kukuandikia, kwa kuwa chuki yote niliyokuwa nayo kwa maiti ilihamia kwa mtu aliye hai, na mtu mwenyewe ni wewe. Haijakwisha. Sitakudanganya.

Alhamisi ijayo namsomea Baba hitima hapa kwangu. Njoo, umlete na Mama. Mbele ya watu usiseme neno. Wakishaondoka, utakaa ukumbini unieleze alivyosema siku ile kwamba anataka niendelee. Maneno yake yenyewe, na sauti yake ilivyokuwa. Usiniandikie. Hilo nataka kulisikia.

Nduguyo,
Ruqaya