Évode Kagabo, Beki Aliyeondoka Kabla ya Mechi ya Kuagwa

Mwaka umetimia, Évode, na bado hatujaamini.

Jumamosi ile ulikunywa chai umesimama, kama kawaida yako, ukamwambia mkeo Alida, "Leo mazoezi ya mwisho. Kesho wananiaga, Jumatatu mimi ni mtu wa nyumbani."

Saa nne simu ikalia hapa nyumbani Nyamirambo, Kigali. Mama yako Xavérine alikuwa anapiga pasi kitenge cha kuvaa uwanjani kesho yake. Kocha akamwambia umeanguka katikati ya uwanja na hakuna aliyekugusa.

"Mguu gani?" mama akauliza.

Kocha akasema si mguu. Moyo wako ulikuwa umesimama. Miaka thelathini na mitano tu.

Ulizaliwa Bujumbura, ukajifunza mpira Kigali kwa viatu vya kuazima. Ulikuwa beki wa kati kwa miaka kumi na sita. Ulicheza misimu miwili Tanzania, ukarudi na Kiswahili kilichomchekesha mama: "Mwanangu sasa anaongea kama redio." Uliitwa timu ya taifa mara nne. Timu ishinde au ishindwe, ulimpigia mama kwanza, hata viatu hujavua.

Kisha kuna lile la Rugamba, mchezaji wa timu pinzani. Ulikuwa na tiketi ya kwenda Ubelgiji kwa majaribio alipokuvunja mguu kwenye mechi. Safari ikafa. Mama akaapa jina lile lisitajwe nyumbani kwake, na kwa miaka tisa halikutajwa.

Siku ya msiba, Rugamba akaja.

"Huyu asiingie," mama akasema.

Rugamba akapiga magoti pale mlangoni. "Nitaondoka, mama. Lakini nisikilize kidogo. Watu walinizomea mpaka nikaacha mpira, nikawa nalala tu mchana kutwa. Évode akaja kwangu Kabeza na magongo yake. Akaniambia, 'Mwenye mguu mbovu anatembea, mwenye miguu mizima amelala. Amka.' Akanirudisha mwenyewe kwa kocha wangu. Mtoto wangu Ihirwe, Évode ndiye baba yake wa ubatizo."

Mama akamgeukia Alida. Alida akainamisha kichwa. Alijua, ulikuwa umemwomba asiseme mpaka mama mwenyewe aulize. Mama hakuuliza.

Siku hiyo mama alishtuka mara mbili. Alikuwa amempoteza mwanawe, na kumbe yeye mama hakumjua mwanawe vizuri. Akamtazama yule mtu aliyepiga magoti. Mwisho akamuuliza, "Umekula?" Akasogea kwenye benchi, akampa nafasi.

Kinachomuuma mpaka leo ni kwamba ulimwogopa. Anasema ungemwambia tu, Évode. Angekasirika wiki moja, labda mbili, halafu angewapikia nyote wawili ndizi na maharage. Sasa anampikia Ihirwe kila Jumapili baada ya misa, naye mtoto anamuuliza habari zako, na mama anasimulia mpaka chakula kinapoa.

Wanaokukumbuka ni mama yako Xavérine, mkeo Alida, binti yako Ishimwe, dada yako Raïssa na mwanao wa ubatizo Ihirwe. Pia kaka yako Rugamba. Neno hilo "kaka" mama ndiye aliyetuambia tuliandike.

Tutakukumbuka siku zote, Évode, mpaka tuonane.