Ubongo Wenye Sukari

Yaya Nabintu, dada yangu mupenzi,

Nakusalimia mingi kutoka hapa posta ya Mbarara, fasi mvua iliponifungia. Macho yangu yanaendelea vizuri, lakini nyama ya huku siiamini tena. Jana buchani nilimkuta mwalimu wa chuo kikuu akijaza ndoo ubongo wa ng'ombe. Nikamuuliza, "Muzee, kuko harusi?" Akacheka. Akasema anaupeleka maabara kutoa mafuta yake, kwa sababu yana sukari ndani, naye anatafuta ni sukari gani na imeshikana na mafuta namna gani.

Sukari, Yaya. Ile iliyokula mguu wa mama. Nikairudisha nyama yangu kwenye mizani.

"Hapana ugonjwa, mama," akaniambia. "Hata wewe iko nayo kwa kichwa."

Alisema hivyo bila kunipima. Leo asubuhi, nilipopeleka macho hospitali ya Ruharo, nikamuomba nesi anipime. Akanichoma kidole, akasema sukari sina.

Nisalimie watoto, na Mungu akuchunge, Yaya wangu. Ubongo musile mpaka nirudi, maana nesi alipima kidole, kichwa hakukigusa.

Mudogo wako,
Furaha